Tarehe kwenye mafaili ya bildi: jina la faili, ndani ya programu, tarehe ya komiti au namba tu?

Nianze na kilichonisukuma kuandika. Kuna mama mmoja Mwanza ana duka la jumla, tulimtengenezea apu ndogo ya kurekodi mauzo, wauzaji wake wako kama kumi hivi, na kwa sababu hatukuwa tumeiweka Play Store tulikuwa tunawatumia APK, yaani faili la kusakinisha apu ya Android, kwenye grupu la WhatsApp. Siku moja akanipigia, "Mwanangu, mbona hii programu yenu haitoi punguzo kwenye jumla?" Nikashangaa maana hilo tulisharekebisha wiki mbili nyuma. Shikamoo mama, samahani sana, hebu niambie unatumia ile ya lini? "Si hii hii mliyotuma." Naingia kwenye grupu naona app-release.apk, chini yake app-release.apk, chini tena app-release.apk, na kwenye simu za watu zimeshakuwa app-release (1), (2), (3), na hiyo namba kila simu imejipa yake. Ilituchukua siku nzima kujua nani ana nini, na wauzaji wawili walishafunga hesabu za wiki na programu ya zamani, ikabidi mama azirudie na kalikuleta mpaka usiku. Iliniuma sana.

Ukiuliza watu watakwambia weka tarehe, ni mstari mmoja tu wa skripti, lile faili la amri zinazojiendesha. Kweli ni mstari mmoja. Ila kuna sehemu nne za kuiweka na kila moja inajibu swali lake, na wengi wetu tunachukua ile tuliyoikuta kwenye skripti ya mwenzetu bila kuuliza inajibu nini.

Halafu kuna jambo la kuelewana kabla hatujaendelea: tarehe ziko mbili. Fikiria unga wa sembe. Kuna siku mahindi yalivunwa na kuna siku unga ulisagwa. Kodi, yaani maandishi ya programu, ikishakomitiwa (ikihifadhiwa rasmi kwenye git, zana ya kutunza historia ya mabadiliko) hayo ndio mavuno, bildi, yaani kuigeuza kodi kuwa faili linalotumika, ni kusaga, na mahindi yale yale unaweza kuyasaga leo, ukayasaga tena baada ya miezi sita kwenye mashine nyingine. Mtu akikuuliza "hii ni ya lini" wakati mwingine anauliza mavuno, wakati mwingine anauliza kusaga, na yeye mwenyewe hajui kama ameuliza moja kati ya mawili. Uchaguzi wote hapa chini unarudi hapo.

Vigezo nitakavyotumia

Nimeweka vitano, vile vile kwa kila njia. Kusomeka: mtu asiye fundi anaweza kukusomea kwenye simu na ukajua ana nini? Kujipanga: mafaili yanakaa kwa mpangilio yenyewe, na mawili hayawezi kugongana jina? Kasi: bildi inakuwa nzito, kashe (kazi iliyotunzwa kutoka bildi iliyopita ili isirudiwe) inavunjika? Kurudia: ukibildi tena kodi ile ile unapata faili lile lile baiti kwa baiti? Na matunzo: kazi ya kuiweka, pamoja na kile kinachoweza kuharibika kimya kimya bila mtu kujua.

Njia ya 1: tarehe ya siku ya bildi kwenye jina la faili

Hii ndiyo ya wengi. Bildi ikiisha, skripti inabadilisha jina:

```
LEO=$(date -u +%Y%m%d)
cp app-release.apk duka-$LEO.apk
```

Kusomeka: hakuna inayoishinda kwa mtu wa kawaida. Yule mama angeniambia "imeandikwa 20250618" tukamaliza kwa dakika moja. Ila tarehe iko nje, kwenye jina, na jina linabadilishwa na yeyote. Na APK ikishasakinishwa jina halionekani tena, unabaki na kiikoni tu.

Kujipanga: ukianza na mwaka, ukafuata mwezi, ukamalizia siku, folda inajipanga yenyewe kwa mpangilio wa alfabeti na hiyo ni raha kweli. Kugongana ndiyo shida, ukibildi mara mbili kwa siku la pili linalala juu ya la kwanza. Ongeza saa na dakika, au ongeza namba ya mbio, yaani bildi imekimbia mara ya ngapi, kama wanavyofanya Azure Pipelines, mfumo wa Microsoft wa kubildi, kule namba ya bildi usipoigusa inatoka yenyewe kama 20250618.2, yaani bildi ya pili ya siku hiyo.

Kasi: haigusi kitu, unabadilisha jina baada ya kazi kwisha.

Kurudia: faili lenyewe halijaguswa, kwa hiyo njia hii haiharibu, jina tu ndio linakuwa tofauti.

Matunzo: hapa ndipo nataka nikae kidogo maana urahisi wake unadanganya. Kila mfumo wa kubildi kwenye seva una tabia yake. GitHub Actions haikupi tarehe tayari kwenye vigeu vyake, unaitengeneza mwenyewe hatua ya kwanza na kuiandika kwenye `$GITHUB_ENV` ili hatua zinazofuata ziione. GitLab inakupa `CI_PIPELINE_CREATED_AT` ila imekuja na nukta mbili kati ya saa na dakika, na Windows haikubali nukta mbili kwenye jina la faili, kwa hiyo isafishe kwanza. Jenkins, ukisoma maelekezo ya zamani utaambiwa tumia `BUILD_ID` maana ni tarehe na saa. Ilikuwa hivyo, lakini kuanzia toleo 1.597 `BUILD_ID` ni sawasawa na `BUILD_NUMBER`, namba tu. Na kwenye Windows usiiamini `%DATE%` hata siku moja, inafuata mipangilio ya nchi ya mashine husika, mashine hii inatoa siku kwanza ile inatoa mwezi kwanza, na mara nyingi ina mikwaju ambayo ndani ya jina la faili inageuka kuwa njia ya folda. Tumia PowerShell, `Get-Date -Format yyyyMMdd`, hapo mpangilio wa mwaka, mwezi na siku unauchagua wewe, si mashine.

Kingine kilichonikuta mwenyewe: skripti ilikuwa inaita `date` mara tatu, kwenye kutengeneza, kwenye kusaini, na kwenye kupakia. Bildi ikaanza dakika mbili kabla ya siku kubadilika kwenye seva, hatua ya kupakia ikatafuta faili lenye tarehe ya siku mpya, haikulikuta, ikafeli. Na bildi za usiku ndio kawaida zinapangwa karibu na hiyo saa. Ita `date` mara moja mwanzoni, hifadhi, pitisha kwa wote. Kama una kazi kadhaa zinazokimbia sambamba kwenye mashine tofauti, ya kwanza itoe tarehe na nyingine zirithi, zisijitengenezee.

Inamfaa nani: timu ndogo, mafaili yanayopita mkononi mwa watu, WhatsApp, flashi, barua pepe, na bakapu.

Njia ya 2: tarehe ndani ya programu yenyewe

Hapa tarehe unaipika pamoja na kodi ili mtu akifungua ukurasa wa "Kuhusu" aione, au akiandika amri ya toleo kwenye terminali imjibu. Kwa C na C++ kuna `__DATE__` na `__TIME__` tangu zamani. Kwa Go unapitisha kwa `-ldflags "-X main.tarehe=..."`. Android unaweka `buildConfigField`. Imeji ya Docker, yaani kifurushi cha programu pamoja na vyote inavyohitaji, ina lebo yake maalum, `org.opencontainers.image.created`.

Kusomeka: nzuri sana, na hapa inaishinda ya kwanza kwa sababu haipotei. Badilisha jina la faili utakavyo, tarehe iko tumboni. Mteja anafungua ukurasa anakusomea. Ila lazima programu ifunguke kwanza, kama inaanguka kabla ya skrini ya kwanza basi huna kitu.

Kujipanga: haisaidii chochote kwenye folda. Mafaili kumi yatabaki na jina moja.

Kasi: hapa ndio penye maumivu. Ukiweka saa ya sasa kwenye Gradle, zana ya kubildi ya Android, kila ukibonyeza bildi kuna kitu kimebadilika, kwa hiyo inakompaili tena hata kama hujagusa herufi, na kwenye laptopu ya RAM kidogo mnajua wenyewe inavyokuwa. Docker vile vile, ukiweka `ARG` ya tarehe juu kwenye Dockerfile na ikatumika huko juu, matabaka yote ya chini yake yanajengwa upya kila siku, pakiti zote zinashuka tena, na kama bando lako ni la kupimiwa hiyo ni hela. Dawa yake si ngumu: kwa Docker ishushe mstari wa mwisho kabisa, na kwa bildi za laptopuni weka neno tu kama "dev", tarehe halisi iingie kwenye seva peke yake.

Kurudia: inaharibu. Bildi mbili za kodi moja zitatofautiana angalau kwenye hiyo tarehe, na huwezi tena kusema kwa heshi, ile alama ya vidole ya faili, kwamba faili hili na lile ni kitu kimoja.

Matunzo: `__DATE__` ina mtego ambao wengi hawaujui. Inaandikwa pale tu faili lenye hilo neno linapokompailiwa. Kama umebadilisha mafaili mengine na hilo hukuligusa, bildi ya nyongeza, inayokompaili kilichobadilika tu, inaliruka, na programu inabaki inatangaza tarehe ya wiki iliyopita. Hapo tarehe inasema uongo na hakuna onyo lolote, na mimi naona tarehe ya uongo ni mbaya kuliko kukosa tarehe, maana itakupeleka kutafuta bagi, yaani kosa, kwenye kodi isiyohusika. GCC na Clang zote zina `-Wdate-time` inayokupigia kelele kila neno hilo linapotumika, iwashe uone zimejificha wapi.

Watumiaji wa Go kuanzia 1.18 wana bahati, ukibildi ndani ya hazina ya git inaweka yenyewe komiti, muda wa komiti, na kama kulikuwa na mabadiliko ambayo hayajakomitiwa. Unayasoma kwa `go version -m`. Lakini tazama vizuri, huo ni muda wa komiti, ni mavuno, si kusaga.

Inamfaa nani: wenye programu iliyosakinishwa kwa wateja wengi wasioweza kuwafikia, na wanaopokea simu za msaada.

Njia ya 3: tarehe ya komiti badala ya tarehe ya leo

Badala ya kuuliza saa ya seva unaiuliza git: kodi hii ni ya lini?

```
TZ=UTC git log -1 --format=%cd --date=format-local:%Y%m%d
export SOURCE_DATE_EPOCH=$(git log -1 --format=%ct)
```

Huo mstari wa pili una historia. Watu wa Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, walianza kazi ya bildi zinazorudika mwaka 2013, na mwaka 2015 wakaja na makubaliano ya kigeu kimoja, `SOURCE_DATE_EPOCH`, sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970 kwa saa za UTC, ile saa ya kimataifa, kwamba zana yoyote ikikiona iache kusoma saa ya ukutani itumie hicho. GCC kuanzia toleo la 7 inakiheshimu, hata `__DATE__` inatii. Maven, zana ya kubildi ya Java, ina `project.build.outputTimestamp` kwa kazi hiyo hiyo.

Kusomeka: inategemea msomaji. Developa anaelewa. Mteja anaweza kukwazika: mradi umetulia, komiti ya mwisho ni ya Machi, wewe umembildia Novemba, faili linasema Machi, anakuuliza "kaka mbona mmenitumia ya zamani?" Nimeshajieleza hivyo zaidi ya mara moja na si mazungumzo mafupi.

Kujipanga: inajipanga kwa umri wa kodi. Kugongana kupo, komiti mbili za siku moja zina tarehe moja, kwa hiyo wengi wanaongeza herufi za mwanzo za heshi ya komiti mwishoni.

Kasi: nzuri. Komiti haijabadilika basi tarehe haijabadilika, kashe inabaki salama.

Kurudia: hii ndiyo iliyozaliwa kwa ajili hiyo. Kodi ile ile na zana zile zile, leo au mwakani, kwako au kwa jirani, faili lile lile. Na hili si jambo la wasomi tu. Mwishoni mwa 2020 dunia ilisikia kisa cha SolarWinds, wavamizi waliingia mpaka kwenye mfumo wa kubildi programu ya Orion wakapachika kodi yao humo humo, faili likatoka limesainiwa kihalali likaenda kwa wateja. Ukiwa na bildi inayorudika mtu wa pembeni anaweza kusaga mahindi yale yale kwenye mashine yake na kulinganisha unga. F-Droid, duka la apu za kodi huria, wanafanya hivyo kwa apu za Android zinazoweza kurudika. Tarehe moja ya leo iliyojificha ndani ya faili inatosha kuvuruga ulinganisho wote.

Matunzo: saa ya komiti inatoka kwenye laptopu ya aliyekomiti, laptopu ikiwa na saa mbovu basi tarehe ni mbovu. Kuna pia tarehe ya mwandishi na tarehe ya aliyekomiti, ukifanya rebase, yaani kuzipanga upya komiti, tarehe ya aliyekomiti inabadilika na ya mwandishi inabaki, chagua moja na mkubaliane. Ukitaka kutumia `git describe` kupata toleo na tagi (jina la toleo lililobandikwa kwenye komiti), kumbuka GitHub Actions ikichukua kodi kwa kawaida inachukua komiti moja tu bila historia, na tagi hazipo, ongeza `fetch-depth: 0`.

Na mtego mkubwa kuliko yote: kama kila wiki unajenga upya imeji ile ile ili ipate viraka vya usalama vya pakiti za chini, komiti haijabadilika, tarehe itabaki ile ile, na imeji mpya italala juu ya ya zamani kwa jina moja wakati ndani ni tofauti. Mahindi ni yale yale ila mashine ya kusaga imebadilika, na njia hii haioni hilo.

Halafu usishtuke ukiona mafaili ya ajabu. Imeji zilizotengenezwa na Jib, zana ya kutengeneza imeji za programu za Java, zinaonekana ni za mwaka 1970, zana imeziweka hivyo makusudi ili zirudike. Na zip haijui tarehe yoyote kabla ya 1980, ukiweka sifuri kwenye `SOURCE_DATE_EPOCH` kuna zana zitakataa kabisa.

Inamfaa nani: miradi ya kodi huria, programu zinazokaguliwa, maktaba, na timu yoyote ambayo siku moja itahitaji kuthibitisha kilichomo.

Njia ya 4: namba ya bildi, tarehe ikae pembeni

Faili linaitwa duka-0412.apk. Pembeni yake kuna duka-0412.json lenye tarehe na saa kamili, komiti, tawi, mashine iliyobildi, na heshi ya SHA-256. Namba unaipata bure: `BUILD_NUMBER` kwa Jenkins, `GITHUB_RUN_NUMBER` kwa GitHub, `CI_PIPELINE_IID` kwa GitLab.

Kusomeka: kwenye simu ni rahisi kuliko zote, "ninayo mia nne kumi na mbili". Lakini namba haimwambii mteja kama ni ya jana au ya mwaka juzi, lazima aulize.

Kujipanga: ndani ya mfumo mmoja haigongani. Weka sifuri mbele, bila hivyo 100 itakaa juu ya 99.

Kasi: ikikaa kwenye jina tu haigusi kitu.

Kurudia: salama, faili halijaguswa, na heshi iliyoko pembeni ndiyo ushahidi wako.

Matunzo: namba ni ya mfumo, si yako. Ukihamia mfumo mwingine inaanza moja. Kwenye GitHub namba ni ya kila mtiririko wa kazi peke yake, na ukibonyeza kurudia mbio ile ile namba haibadiliki, kinachoongezeka ni `GITHUB_RUN_ATTEMPT`, kwa hiyo mafaili mawili tofauti yanaweza kuwa na 412. Na lile faili la pembeni, hakuna mtu anayelifowadi WhatsApp. Likitengana na mwenzake limepotea, labda ulitunze pia kwenye seva.

Inamfaa nani: timu zenye bildi nyingi kwa siku, zenye sehemu ya kudumu ya kutunzia mafaili na mtu wa kuyatunza.

Mitego inayokuhusu hata uchague ipi

Saa ya seva kwanza. Seva nyingi za kubildi ziko UTC, sisi Dar, Nairobi na Kampala tuko mbele masaa matatu, kwa hiyo kuanzia saa sita usiku mpaka saa tisa usiku seva bado iko jana. Mtu anakwambia "nimeikuta kwenye bildi ya Jumatano", kwa mdomo ni ya usiku wa kuamkia Jumatano, ilianza saa sita na nusu usiku tarehe 18 Juni 2025, na faili limeandikwa 20250617. Wote wako sahihi na mtabishana nusu saa. Mwenzenu akiwa Bujumbura au Goma yuko saa moja nyuma yenu, akiwa Muscat yuko saa moja mbele. Mimi naandika UTC na naweka herufi Z mwishoni ili isiwe siri, lakini kama wanaosoma ni watu wa duka la Mwanza nawapa saa ya Mwanza, sioni sababu ya kumhesabisha mama wa watu masaa. Ila ukifanya hivyo ndani ya kontena ya Alpine, Linux ndogo inayotumika sana kwenye Docker, angalia: kama pakiti ya `tzdata` haipo, `TZ=Africa/Nairobi` inakupa UTC bila kulalamika. Andika `TZ=EAT-3`, hiyo haihitaji pakiti yoyote, na alama ya kutoa hapo ni sahihi ingawa inaonekana kinyume.

Pili, herufi. Kwenye `date` ya Linux `%m` ni mwezi na `%M` ni dakika. Kwenye Java na PowerShell ni kinyume, `MM` ni mwezi na `mm` ni dakika. Ukikosea utapata mwezi wa 47 na utagundua, lakini kati ya dakika ya 1 na ya 12 ya saa yoyote itaonekana ni tarehe halali kabisa, na hiyo ndiyo inayoumiza.

Tatu, Java tena, `YYYY` kwa herufi kubwa ni mwaka wa wiki, si mwaka wa kalenda. Tarehe 30 Desemba 2024 inatoka 20251230, inakaa kwenye nafasi ya mpya kabisa ndani ya folda karibu mwaka mzima, na skripti yako ya kufuta ya zamani inaiona ndio mpya kuliko zote. Kosa hili linalala miezi kumi na miwili na kuamka wiki ambayo watu wote wako likizo. Andika `yyyy`.

Nne, kugeuza tarehe kuwa namba. Tarehe 1 Januari 2022 barua pepe zilikwama kwenye seva za Microsoft Exchange za watu waliozisimamia wenyewe, kwa sababu injini ya kukagua virusi ilikuwa na toleo lenye muundo wa tarehe, 2201010001, na kisanduku chake hakibebi zaidi ya 2147483647. Android ni jirani wa hilo tatizo: `versionCode`, namba ya toleo la apu, mwisho wake Play Store ni 2100000000. Ukitumia mwaka kwa tarakimu mbili, mwezi, siku, saa na dakika, kwa mfano 2506181430, umeshapita. Ukitumia mwaka kamili, mwezi, siku na tarakimu mbili za mbio, 2025061801, unaingia na itakufikisha mpaka 2099. Fikiri kabla hujapakia mara ya kwanza, maana ukishapanda huruhusiwi kushuka.

Na dogo la mwisho, tagi ya Docker haikubali alama ya kujumlisha, kwa hiyo 1.4.0+20250618 ambayo ni halali kwenye mfumo wa matoleo wa SemVer itakataliwa pale. Weka kistari.

Kwa hiyo uchukue ipi

Kama unatuma mafaili kwa watu kwa mkono na timu ni mtu mmoja au wawili, anza na ya 1 leo hii, weka na saa na dakika, na jioni ukipata muda ongeza ya 2 kwenye ukurasa wa Kuhusu, kwenye seva tu. Hizo mbili pamoja ndizo tulizoweka kwa yule mama, na sasa anapopiga simu anaanza kwa kunisomea tarehe kabla sijamuuliza.

Kama apu iko Play Store na watu hawaoni jina la faili, ya 1 ni ya kwenu ndani tu. Kwa mtumiaji kinachohesabika ni ya 2 na hiyo `versionCode`.

Kama unaandika maktaba au kodi huria ambayo wengine wataibildi wenyewe, ya 3, na ondoa kila `__DATE__` unayoikuta.

Kama mnabildi mara hamsini kwa siku na kuna watu wa majaribio wanaoongea na madevelopa kila saa, ya 4, na ukitaka amani weka komiti ndani ya programu pia, haivunji kashe kama tarehe inavyofanya.

Kama ni imeji za Docker mnazojenga upya kila wiki kwa ajili ya viraka, usitumie ya 3 peke yake. Tagi iwe na komiti na tarehe ya kusaga, zote mbili, kwa mfano 3fa9c1d-20250618, ili siku ikitangazwa kwamba pakiti fulani ina tundu ujue imeji ipi ilijengwa kabla na ipi baada.

Na kama ni bakapu ya kanzidata, ambayo haina komiti, ya 1 na hakuna mjadala, mwaka mbele, saa mpaka sekunde, na usitegemee tarehe ambayo mfumo wa mafaili unaonyesha pembeni, hiyo mtu akinakili faili kwenye flashi inaweza kubadilika na kuwa ya siku hiyo.